Mgomba Tuliouzika

Mjukuu wangu alipokubaliwa kwenda nchi za watu kusaidia waliokumbwa na mafuriko, mtu wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi, na mtu wa kwanza kutaka asiende nilikuwa mimi vilevile. Nalisema mapema nisije nikaonekana bibi mwema. Siku hiyo nilikuwa gengeni kwangu hapa Mkolani, napima dagaa kwa kopo, akaja mbio kutoka barabarani, simu mkononi, koti jeupe la chuo bado mwilini. Alikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi.

"Shikamoo bibi! Wamenichukua!"

"Marahaba. Wamekuchukua akina nani, polisi?"

"Bibi jamani! Wale wa maafa. Nakwenda."

Jirani yangu mmoja, mama wa Kihaya, mwalimu mstaafu, alikuwa amesimama anachagua nyanya zangu kama anayechagua mkwe. Akamwambia, "Hongera mwanangu. Ila ukifika uwaambie hata Mkolani tuna maafa, maji ya bomba hatujayaona tangu Jumapili. Wakimaliza kwao waje na huku."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka mdomo tu. Nilimwambia mjukuu aingie ndani ale, nikaendelea kupima dagaa, na yule mwalimu akaniambia nimempimia makopo mawili zaidi. Akarudisha. Ni mtu mwaminifu, ingawa nyanya zangu hazijawahi kumpendeza hata siku moja.

Niseme ilivyokuwa. Kulikuwa na nchi huko kusini, sio jirani sana, sio mbali sana, kimbunga kilikuwa kimeipiga, mito ikafurika na vijiji vikaondoka na watu wake. Shirika moja likawa linatafuta wanafunzi wa uuguzi kutoka nchi za karibu wakajitolee kwa miezi miwili. Mjukuu aliandika maombi bila kuniambia. Wenzake wengi waliomba kazi za kufunga vidonda na kuchoma sindano. Yeye aliomba meza ya waliopotea. Yaani unakaa kwenye meza chini ya turubai, anakuja mtu ambaye mumewe au mtoto wake hajulikani alipo, unamwandika kwenye fomu. Halafu ukipatikana mwili, au mtu hospitalini asiyejijua, wanalinganisha na fomu.

"Bibi," aliniambia usiku ule tukiosha vyombo, "chakula watapewa na kila mtu. Blanketi watapewa. Lakini aliyepotelewa na mtu wake hakuna anayekaa naye chini. Mimi nitakaa naye."

Nikamuuliza, "Na ukikaa naye utampa nini?"

"Nitamrudishia mtu wake. Hata akiwa amekufa. Watu wanataka kujua, bibi. Hilo tu."

Nilisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Matumaini yake yalikuwa hayo, na yalikuwa makubwa kuliko yeye. Wasiwasi nao ulikuwepo, hakunificha. Hajawahi kupanda ndege. Lugha ya kule haijui, atauliza kupitia mkalimani, na je, mkalimani akikosea? Aliogopa atazimia akiona maiti zilizokaa majini, maana chuoni wanawaonyesha maiti kavu tu. Mkono wa chanjo ulimvimba siku tatu akawa anasema labda mwili wenyewe umekataa safari. Akanunua mabuti ya mvua, akakosea namba, yakawa makubwa, akawa anatembea nayo uani kuyazoea, kwap kwap kwap, na kuku wakimkimbia.

Na kuogelea hajui. Hilo ndilo wenzake walimchekea zaidi. "Wewe ni Mkerewe wa wapi, wa Dodoma?" Na kweli, mtoto wa visiwani asiyejua kuogelea ni kama mtoto wa mfugaji anayeogopa ndama. Lakini kosa sio lake. Mimi ndiye niliyemkataza maji tangu ana miaka minne. Nilimhamisha kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, nikamleta Mwanza, na Mwanza kwenyewe sikutaka kupanga Pasiansi wala sehemu yoyote ambako ukiamka unaliona ziwa. Nilikuja huku Mkolani, kusini, ambako ukitaka kuliona unapanda jiwe. Hajawahi kuoga ziwani hata Pasaka.

Wewe unayesoma utauliza, bibi wa darasa la nne anaandikaje. Naandika. Nilitolewa shule kwenda kuanika dagaa, hilo kwetu halikuwa jambo la kulilia, lakini marehemu mume wangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha pamba hapa Mwanza, na mimi niko kisiwani. Barua zake nilikuwa nasomewa na mke wa shemeji. Yule mama alikuwa anasoma na kuongeza yake. Nikajitia ukali nikajifunza upya kusoma na kuandika peke yangu, kwa wivu tu, ili mambo ya mume wangu yasipite kwenye mdomo wa mtu. Kwa hiyo herufi zangu mbaya zina sababu nzuri.

Sasa nije kwa baba yake huyu binti, maana bila yeye hakuna ninachosimulia.

Alikuwa mwanangu wa pili. Alikuwa anavua dagaa. Asubuhi moja mtumbwi wao haukurudi. Walikuwa wanne. Mchana mmoja wao alifika ameshikilia dumu, hai, hawezi kusema. Kesho yake wakapatikana wawili, wamekufa, kila mmoja akazikwa kwao. Wa kwangu hakuonekana. Watu wa mwalo, pale mitumbwi inapopakia na kushusha, walitafuta, nisiwaseme vibaya, walitafuta mpaka mafuta ya mashine yakaisha wakachanga mengine.

Kwa ukoo wetu, mtu aliyechukuliwa na maji asiporudi, hangojwi milele. Wazee wanahesabu siku nne. Siku ya nne wanakata mgomba, urefu wa mtu, wanauosha kama wanavyomwosha mtu, wanauvisha shuka yake, wanauzika kwenye kaburi lenye jina lake. Watu wanalia. Halafu mnanyoa, mnakula, na mambo yamekwisha. Mtu amepumzika na nyumba imefungwa. Ukiwa mgeni utacheka. Sisi tumeona nyumba ambazo hazikufungwa, mama anakaa ufukweni miaka mpaka anakuwa kama kisiki.

Kabla ya kukata, mzee wa ukoo humuuliza mama mzazi. Mkewe haulizwi, baba haulizwi, ni mama tu. Aliniuliza mbele ya watu, "Mama, umeridhika?"

Nikasema nimeridhika.

Sijui niliridhika na nini. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka wale watu waondoke uani kwangu, nilitaka kulala. Mama anaweza kusema hapana, zikaongezwa siku. Mimi nilisema ndiyo, mgomba ukakatwa, na ulikuwa mgomba wangu mwenyewe, wenye mkungu mdogo bado haujakomaa. Mpaka leo naona aibu kwamba wakati wanaukata nilifikiria ule mkungu.

Mtoto huyu aliona wanauvisha shuka. Akauliza kwa sauti, "Bibi, mbona baba hana miguu?" Akina mama wakamwondoa.

Mama yake alikaa mwaka, akaolewa tena Sengerema, akazaa huko. Simlaumu. Mtoto akabaki kwangu. Alipofika darasa la sita nilimweleza kwamba kaburini kwa baba yake kuna mgomba. Akasema, "Kwa hiyo baba yuko ziwani." Nikasema ndiyo. Nadhani uuguzi wote na maafa yote yalianzia kwenye ile ndiyo yangu.

Wiki mbili kabla ya safari, wale wa shirika waliwatumia wanafunzi ile fomu ili wajizoeze. Alikwenda kuichapisha stationery, akaja nayo Jumamosi mchana, genge likiwa limepoa. Akaweka meza uani, akakaa upande wake, mimi akaniweka upande wa pili. Kalamu mbili, ikiisha moja.

"Haya mke mwenza," nikamwambia, maana babu yake aliyekufa ni mume wetu sote, ndivyo tunavyotaniana, "nimepotelewa na mbuzi, niandike."

"Bibi usilete mchezo. Wewe ni mama, umepotelewa na mtoto. Mimi ni mimi. Jibu kama kweli."

"Mtoto gani?"

Akainamia karatasi. "Baba."

Ningeweza kukataa. Lakini alikuwa na hamu, uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na mimi nikasema mwache ajifunze, ni maswali tu.

Akauliza jina. Nikataja. Akauliza umri, nikasema alizaliwa mwaka ule ambao mihogo ilioza, akaandika kwa kukadiria. Urefu?

"Akisimama mlangoni kwangu Nansio anainama."

"Mlango una urefu gani?"

"Wa kuinama."

Akacheka kidogo. "Bibi, mkalimani atanikimbia. Haya, alama mwilini? Kovu, jino, chochote kinachoweza kumtambulisha."

"Jino la mbele lilikatika nusu. Alifungulia soda kwenye harusi ya shangazi yako. Watu wakamshangilia akataka kufungulia na ya pili."

Kalamu ilisimama. Hilo hakuwa analijua. Aligusa jino lake mwenyewe kwa ulimi, nikaona shavu linavyosogea, halafu akaandika.

"Mara ya mwisho alionekana amevaa nini?"

"Suruali ya kaki. Mkanda ulikuwa umekatika, akachana kipande cha kanga yangu akajifunga kiunoni. Ya kijani, yenye michoro ya korosho nyeupe. Nilimtukana. Kanga yenyewe ilikuwa mpya."

Akaandika yote, hata ile ya kumtukana nadhani aliiandika. Alikuwa anafanya vizuri. Anauliza polepole, anangoja, haangalii saa. Nikajisemea, huyu mtoto ataiweza hii kazi, na moyo wangu ukafurahi kwa mara ya kwanza tangu alete ile habari. Halafu akafika chini ya ukurasa.

"Swali la mwisho. Je, baada ya kupotea, familia imewahi kupata taarifa yoyote kumhusu?"

Nikafuta meza kwa pindo la kanga.

"Bibi, unasema 'hapana' tu, naweka alama."

Nikaangalia ndoo. Nikaangalia yale mabuti yake ukutani. Nimesema uongo mwingi maishani, genge lenyewe huwezi kuliendesha bila uongo kidogo, lakini alikuwa ameniuliza vizuri mno. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa kukaa, kwa kalamu.

Nikasema, "Ndiyo."

Nikamweleza. Nitaandika hapa kama nilivyomweleza.

Tulipokwisha kuzika mgomba zilipita siku sita. Tulikuwa tumeshanyoa. Akaja mama mmoja mchuuzi wa dagaa, kutoka kisiwa kidogo ng'ambo kule, unakwenda kwa mtumbwi wa mashine nusu siku. Akaulizia nyumba yenye msiba wa maji, akaletwa kwangu. Akasema kwao maji yameleta mtu. Sura haifai tena kutazamwa, lakini jino la mbele lina nusu. Wamemfunika mkeka kwenye kibanda cha nyavu, wanangoja wenyewe. Akafungua pindo la kitenge chake akatoa kipande cha kanga alichokata kiunoni kwa yule maiti ili kiwe ushahidi. Kijani. Korosho nyeupe.

Wazee walikuwepo bado, walikuwa wanamalizia pombe ya matanga. Wakakaa upande. Wakasema mtu hazikwi mara mbili. Ukiwa umefunga nyumba ukaifungua tena, anayeingia si yule uliyemfungulia. Wakasema mgomba umeshachukua jina lake, huyu akija atatafuta mahali pa kulala, na atamchukulia mtu wa nyumba nafasi yake. Wakamtazama mtoto. Mzee wa ukoo akarudi kwangu na swali lake lilelile, safari hii kwa sauti ndogo. "Mama, ni wako?"

Mtoto alikuwa na homa siku hiyo. Nilikuwa nimembeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Nikamwambia yule mama mchuuzi, "Wa kwangu tumeshamzika. Kanga kama hiyo ziko nyingi sokoni."

Yule mama akatazama mgongo wangu. Mtoto nilikuwa nimembeba kwa ile kanga yenyewe, upande uliobaki, ulipochanwa panaonekana nyuzi. Akatazama kipande mkononi mwake. Akasema, "Haya mama. Poleni." Akakirudisha kwenye pindo lake akaenda zake.

Homa ya mtoto ilipoa kesho yake. Nikasema, unaona. Miaka yote hii ndicho nimekuwa nikijiambia, unaona.

Mjukuu wangu hakulia. Ningependa kama angelia. Aliuliza, "Ulijua ni yeye?"

"Nilijua."

"Ulijua kabisa, au ulidhani?"

"Nilijua kabisa, mama."

Akaandika. Naapa aliandika, mistari mitatu, akajaza ile nafasi mpaka kwenye pambizo. Kisha akaniuliza kisiwa gani.

Jumanne tulipanda meli kwenda Nansio. Sikutaka, lakini sikuwa tena na uso wa kukataa. Yeye alikaa ndani, katikati, mbali na madirisha, amekumbatia mkoba. Nansio hatukupita nyumbani. Tulipata mtumbwi wa mashine uliokuwa unapeleka bia na unga kule kisiwani, tukakaa juu ya unga. Alikuwa anatetemeka, na mwenye mashine akamtania, "Dada, ukiendelea kutikisika hivyo utatuzamisha wewe, si upepo." Niliona midomo yake inasema kitu, sijui sala, sijui namba.

Nataka ieleweke alichokuwa anatumaini. Alikuwa amenieleza kwenye meli. Kwamba akimpata baba yake, hata kaburi tu, hata mahali tu, basi akifika kule ng'ambo atakaa kwenye ile meza akijua kwamba haijalishi umechelewa kiasi gani. Atawaambia watu, kwetu tulichelewa miaka kumi na minane na tulipata. "Nitakuwa na cha kuwaambia, bibi." Alisema hivyo. Mimi nilikuwa na hofu tu, lakini nilianza na mimi kutumaini, mjinga mzee.

Mwalo ule ni mdogo, nyumba za mabati, nyavu na mbwa. Tukaelekezwa kwa mzee aliyekuwa zamani kiongozi wa mwalo, mguu mmoja umevimba, amekaa anashona wavu. Mjukuu akamwamkia, akamweleza kwa adabu. Mzee akacheka, si kwa ubaya.

"Binti, yupi? Hapa maji yanaleta watu kama yanavyoleta magugu. Tumezika wengi wasio na wenyewe."

"Alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Ya kijani."

"Aaa, wa kanga!" Mzee akaweka sindano chini, akafurahi kabisa, kama tumemtajia rafiki. "Wa kanga namkumbuka. Huyo tulimngojea ndugu zake mpaka akatushinda harufu. Tulimtuma mama mmoja kwenda huko Ukerewe kuuliza. Akarudi akasema ameambiwa si wao." Akatikisa kichwa. "Kumbe ana watu! Nyie mmetokea wapi?"

Mjukuu akanitazama. Nikasema, "Tumetokea Mwanza." Hiyo ilikuwa kweli.

"Haya, njooni niwaonyeshe. Ila mmechelewa kidogo."

Akatuongoza akijikokota kwa fimbo, tukapita nyumba ya mwisho, tukapita chanja za dagaa, tukafika mahali ambapo njia inaingia majini. Njia yenyewe, unaiona inakwenda chini, na vijiwe vyake, halafu maji. Mzee akanyoosha fimbo mbele, kwenye ziwa.

"Pale. Mnaona ule mti ulioshikilia kichwa nje? Wageni wote tulikuwa tunawazika chini ya huo. Ile miaka ya mvua nyingi ziwa lilipanda, likala makaburi, likala vyoo, likala na jiko la kanisa. Tulidhani litarudi. Halijarudi. Na mawimbi ya pale yanachimba, sidhani kama kuna kilichobaki chini."

Nikasema asante baba. Sijui nilimshukuru nini. Mjukuu wangu alikuwa amesimama pale njia inapoishia. Akavua viatu. Akaingia. Maji yakamfika kwenye ugoko, kwenye magoti, sketi ikaanza kuelea, na mimi nikapiga yowe ambalo mbwa wote wa mwalo walilijibu. Akasimama. Hakugeuka. Alisimama pale muda, mtu asiyejua kuogelea, ameutazama ule mti, na mzee akaniuliza taratibu, "Ni nani wake?"

Nikamwambia, "Babaye."

"Na wewe?"

Nikamwambia mimi ni jirani.

Ndiyo. Nilimkana mwanangu mara ya pili, mahali hapohapo, na hakukuwa tena na mzee wa ukoo wa kumsingizia wala mtoto mwenye homa. Mjukuu alikuwa hatua kumi tu mbele yangu. Sijui kama alisikia. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, maneno yangu yalikuwa yanarudi nyuma. Nimejiambia hivyo.

Siku zilizofuata hapa Mkolani alikuwa ananiamkia kama kawaida. Shikamoo bibi, marahaba. Anafagia, anachota maji. Mabuti yalikaa ukutani, hakuyavaa tena kuyazoea. Jumapili nilipokuwa namsuka nywele kwa ajili ya safari, akauliza, na kichwa chake kiko kati ya magoti yangu, sioni uso:

"Bibi, nikipotea huko, mtangoja siku ngapi?"

"Nyamaza, kinywa kinaumba."

"Nauliza tu."

Nilitaka kusema nitangoja mpaka nife. Lakini nilishamwambia kweli mara moja na kweli ikishaanza haikubali kuchanganywa. Nikaifikiria nafsi yangu, uchovu wangu, wazee waliobaki, watu wamejaa uani wanangoja wapikiwe.

"Wazee watasema nne," nikamwambia.

"Na wewe?"

Nikavuta nywele nikaanza msuko mwingine. Akasubiri, kama alivyosubiri siku ile ya fomu, vizuri, bila haraka. Nikamaliza ule msuko. Hakurudia kuuliza.

Siku tatu kabla ya kuondoka aliniambia amewaandikia watu wa shirika. Amewaomba wamtoe kwenye meza ya waliopotea, wampeleke jikoni, kwenye uji wa watoto na wazee. Wamekubali, jikoni kila mara watu wanapungua.

Nikashtuka. Mimi niliyekuwa sitaki aende kabisa nikaanza kumtetea yeye dhidi yake mwenyewe. Nikasema, lakini unaiweza. Nikasema, hakuna aliyewahi kuniuliza kama wewe.

"Bibi," akasema, "mimi nilidhani ukimpelekea mtu habari, atainuka aifuate. Sikujua kwamba anaweza kuwa anaijua na akakaa." Hakusema kwa hasira. "Sasa nitamtazama kila mama nikiwaza, huyu anataka kweli, au anataka nimwandike tu ili aende akalale? Na kama anataka kweli, nitamwambia nini, kwamba ziwa halijarudi?"

Jirani yangu mwalimu alikuja kumuaga, akamwombea kwa Kilatini kidogo na Kihaya kingi, akamwambia, "Nenda ukaokoe watu, mwanangu." Mjukuu akajibu, "Nakwenda kupika uji, mwalimu." Mwalimu akacheka, akadhani ni unyenyekevu.

Aliondoka asubuhi. Alinibusu mkono.

Anapiga simu Jumapili, mtandao ukiruhusu. Nauliza chakula, nauliza malaria, ananijibu. Wiki iliyopita, bila kuulizwa, akaniambia kuna mama mmoja kila siku anakuja kwenye foleni ya uji. Akifika mbele hatoi bakuli. Anaonyesha kwa mikono urefu wa mtoto, hivi, mpaka kiunoni, halafu anageuza viganja. Anadhani pale ndipo wanapowaandika waliopotea.

"Na wewe unafanyaje?"

"Namwonyesha kwa mwiko meza iko wapi."

"Anakwenda?"

"Anakwenda upande huo. Kisha kesho anarudi kwangu tena."

Nikamwuliza kama amewahi kuweka mwiko chini akamsindikiza hadi pale mezani. Kulikuwa na kelele za masufuria nyuma yake, na watu wengi.

"Bado, bibi," akasema, na foleni ikamwita.